Kabila, Mlango na Mzimu: Kiswahili katika Historia Zilizoandikwa na Wenyeji wa Tarime na Serengeti

Jina Serengeti asili yake ni Kimasai. Limekwisha kuelezwa mara nyingi kuwa latokana na neno siringet, lenye maana ya uwanda mpana unaoendelea bila kikomo, na maelezo hayo yamekuwa sehemu ya karibu kila kitabu cha watalii. Ni mara chache msomaji anapoelezwa jambo la pili, ambalo kwa historia lina uzito mkubwa zaidi: kwamba watu wa magharibi mwa uwanda huo, yaani Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, hawakuwa na jina hilo wala dhana hiyo. Wao walikuwa na majina ya vilima, ya mito, ya chemchemi, ya mapango na ya mahame, na kila jina lilikuwa na habari yake. Jina moja la nchi inayodhaniwa kuwa tupu liliposhika nafasi ya majina mengi ya mahali palipokaliwa na watu, habari hizo zilikosa pa kushikilia.

Dhana ya utupu ina tarehe zake. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita katika nchi hiyo mwaka 1892, muda mfupi baada ya sotoka kuteketeza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki na njaa na ndui kufuatia. Alichokiona ni mabaki ya maafa. Kama alivyoonyesha Helge Kjekshus katika kitabu chake cha mwaka 1977, pori na mbung'o walisonga mbele katika sehemu nyingi za Tanganyika kwa sababu watu waliokuwa wakiyazuia kwa jembe, moto na mifugo walikuwa wamepungua au wamehama. Wazungu waliofuata walilikuta pori hilo wakaliita la asili. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianza kazi kamili mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa nayo, na mwaka huohuo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu iliyowafundisha watu wa Ulaya na Marekani kuitazama nchi hiyo kama bustani ya wanyama isiyopaswa kufa. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kwa watu waliozikwa katika uwanda huo, au ambao babu zao walizikwa humo, haikuwa na nafasi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, katika lawama juu ya wageni. Lakini swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni jingine, nalo halipendezi sana, kwani linawagusa wenyewe. Wenyeji wa Mara hawakunyamaza. Waliandika. Waliandika kwa Kiswahili, katika madaftari ya shule na kwa taipureta, kurasa kwa kurasa, chini ya vichwa vya habari vinavyoanza na maneno "Historia ya" au "Mila na desturi za". Waandishi wengi walikuwa walimu, makatibu wa serikali za mitaa, makatekista na wazee waliojifunza kusoma ukubwani. Je, kwa nini maandishi hayo hayamo katika orodha ya nathari ya Kiswahili?

Jibu moja lahusu taaluma ya historia. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa juhudi za akina Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu, kiliwarudishia Waafrika nafasi yao katika historia yao, na kazi hiyo haiwezi kubezwa. Hata hivyo, macho ya wakati ule yalivutwa na falme, biashara za masafa marefu na vita vya kupinga ukoloni. Mara haikuwa na mfalme wala mji wa misafara. Ilikuwa na wazee wa rika, waganga wa mvua, wawindaji na wakulima wa ulezi na mtama. A. O. Anacleti, aliyeandika tasnifu yake Dar es Salaam mwaka 1975 kuhusu mabadiliko ya ufugaji katika Serengeti, alikuwa miongoni mwa wachache walioliona pengo hilo mapema.

Jibu la pili lahusu taaluma ya Kiswahili yenyewe. Wanafunzi husomeshwa, na ni haki wasomeshwe, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari kuhusu desturi za Waswahili. Maandishi hayo huhesabiwa kuwa nathari ya Kiswahili kwa kuwa waandishi wake ni wa pwani na lugha yao ni ya kwanza. Daftari la mwalimu wa Nata au la mzee wa Shirati huachiwa wanaanthropolojia, kana kwamba Kiswahili chake ni vazi la kuazima tu. Msimamo huo ni wa ajabu katika nchi ambayo raia wake walio wengi walijifunza kwanza lugha nyingine kisha Kiswahili. Kama nathari ya Kiswahili ni ile iliyoandikwa kwa Kiswahili na watu walioona kuwa jambo lao zito lilihitaji Kiswahili, basi Mara ina nathari nyingi.

Sehemu ya hazina hiyo imekwisha kutolewa hadharani. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti katika eneo hilo katikati ya miaka ya 1990, alichapisha mkusanyiko wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini, Kiswahili chao kikiwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Miongoni mwa maandishi ya eneo hilo imo Historia ya Ikizu na Sizaki ya P. M. Mturi na S. Sasora, inayohusu nchi iliyo jirani, katika upande wa Bunda. Mwaka 2010 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walichapisha kazi ya Zedekia Oloo Siso juu ya kuhamia kwa Wajaluo na Wabantu katika Mara Kaskazini kati ya 1850 na 1950, eneo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa wilaya ya Tarime kabla Rorya haijamegwa kutoka kwake mwaka 2007. Siso hakujifungia katika habari za Wajaluo peke yao. Aliweka safari za Wajaluo na za Wabantu katika simulizi moja. Jambo hilo si dogo katika eneo ambalo baadhi ya watu waliokuwa wakisema lugha za Kibantu walihamia Kijaluo, na ambako mtu aweza kuwa na babu wa lugha moja na wajukuu wa lugha nyingine.

Mkasa halisi wa maandishi haya, hata hivyo, umo katika msamiati wake. Mwandishi wa Mara aliyetaka kueleza jamii yake kwa Kiswahili alikuta maneno mawili yakimsubiri mlangoni: kabila na ukoo. Yalimsubiri kwa sababu serikali ilikwisha kuyatumia katika fomu za kodi, katika sensa na katika mabaraza. Neno kabila lilidai kila mtu awe na moja, liwe na mipaka, liwe na lugha yake na mtemi wake. Sasa tazama hali ilivyokuwa. Wanaisimu huhesabu Kiikoma, Kinata na Kiisenye kuwa lugha moja yenye lahaja. Wenyewe na serikali huwahesabu wasemaji wake kuwa makabila matatu. Kwa upande wa Tarime mambo ni kinyume. Wanyabasi, Wairege, Wanchari, Wakira, Watimbaru na Wasweta kila mmoja ulikuwa ikiaro, yaani nchi pamoja na watu wake, wanaotahiri pamoja na kupigana pamoja, na mara nyingi adui wa ikiaro kimoja alikuwa ikiaro cha jirani. Jina Wakurya lilipanuka wakati wa ukoloni likawafunika wote. Afisa wa Kijerumani Max Weiss alilichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1910. Waliofuata wakalifanya kichwa cha faili. Hivyo mahali pamoja lugha moja ikazaa makabila matatu, na mahali pengine nchi nyingi zikawa kabila moja, na katika sehemu zote mbili neno la Kiswahili lililotumika ni lilelile.

Historia zilizoandikwa na wenyeji zinaonyesha jinsi walivyopambana na neno hilo. Kichwa cha habari hutaja kabila, kwa kuwa ndilo lililotambuliwa na mkuu wa wilaya. Ndani ya matini, neno hilo hupotea na nafasi yake hushikwa na maneno ya kienyeji yasiyofasiriwa: hamate, ekyaro, ekehita, rika hili na rika lile. Msomaji wa haraka hudhani kuwa mwandishi ameshindwa kupata neno la Kiswahili. Yaelekea hakushindwa. Alijua kwamba likifasiriwa, kitu chenyewe kitatoweka.

Mfano wa ekehita wafaa kutazamwa kwa makini. Katika Kinata ni lango la boma. Na watu waliotoka katika lango moja ni uzao mmoja. Katika Kigusii, jamaa wa karibu wa Kikurya, neno egesaku vilevile ni mlango na ni uzao. Katika maandishi ya Kiswahili ya Mara neno hilo mara nyingi hugeuka kuwa ukoo. Lakini Kiswahili cha pwani, tangu zamani, kinalo neno mlango kwa maana hiyohiyo hasa: mtu wa mlango fulani ni mtu wa uzao fulani, na nyumba hutumika hali kadhalika. Taswira ya boma na lango lake ni ya Kibantu, na neno lililofaa lilikuwamo tayari katika lugha. Kilicholiweka kando ni fomu ya ofisini.

Neno mtemi lilileta madhara makubwa zaidi. Lilitoka Usukuma, na serikali ya mkoloni ililipeleka kila mahali ilipotaka kupata mtu mmoja wa kumwamrisha. Jamii za Nata, Ikoma au Tarime hazikuwa na mtemi. Zilikuwa na baraza la siri la wazee, inchama katika Kikurya, na walikuwapo waaguzi walioitwa abagabho katika lahaja za magharibi ya Serengeti. Swali "Mtemi wenu wa kwanza ni nani?" lilipoulizwa na maafisa, na baadaye na Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ambaye karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenyeji walilazimika kutoa orodha. Huko Ikizu orodha hiyo yaanzia kwa mwanamke, Nyakinywa, mwenye mvua, aliyetoka Kanadi na kukutana na Isamongo, mwindaji mwenye moto. Orodha ya watawala wa mvua ikasomwa kuwa orodha ya watawala wa nchi. Ni kosa la tafsiri, na kosa la tafsiri likishatiwa muhuri huwa sheria.

Masimulizi hayo ya chimbuko, ambayo wenyeji huyaita asimoka, yanarudiarudia muundo mmoja. Kwa Wanata mwindaji Nyamunywa, mwenye nyama na moto, anakutana na Nyasigonko, mwanamke mwenye nafaka. Mhakiki asiyejali atayaita ngano. Isimu historia yamzuia kufanya hivyo. Lugha za Mara ni za Kibantu, na wasemaji wake wamekuwa mashariki mwa Ziwa kwa zaidi ya miaka elfu moja; lakini sehemu ya msamiati wao ni ya kuazima, na mikopo yenyewe inaelekeza kidole. Wakurya wana mizunguko miwili ya marika ya uzazi: Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina katika mmoja, Chuuma, Mairabe, Gini na Nyangi katika wa pili. Yeyote aliyesikia marika ya Wakalenjin wa Kenya atayatambua baadhi ya majina hayo papo hapo, kwani Wakalenjin wana Maina, Chumo, Sawe na Nyongi. Christopher Ehret alikwisha kuonyesha kuwa watu wa lugha za Kinailoti za Kusini walikuwa majirani na walimu wa Wabantu wa sehemu hizi zamani sana, na Watatoga waliopo leo ni mabaki ya ujirani huo. Waikoma, mathalani, husimulia kwamba meno yao matakatifu ya ndovu, yaitwayo Machaba, waliyapata kwa mwaguzi wa Kitatoga. Hadithi ya mwindaji na mkulima, basi, yahifadhi kwa lugha ya ndoa kile ambacho msamiati wahifadhi kwa lugha ya mkopo: watu wa asili mbalimbali walioishi pamoja hadi wakawa nyumba moja. Na yafaa kuongezwa kwamba simulizi hizo hazikuanzisha kabila. Zilianzisha meko.

Neno la tatu ni mzimu. Katika lahaja za magharibi ya Serengeti kuna emisambwa, na katika Kikurya amasambwa. Mzizi huo umeenea hadi Buganda, ambako huitwa misambwa. Hao ni pepo walinzi wa nchi, waliofungamana na mahali: chemchemi hii, mwamba huu, mti ule. Katika Kiswahili cha shule na kanisa walifasiriwa kuwa mizimu, na mizimu ikaeleweka kuwa roho za wafu zilizo popote. Hapa tena pwani ingeweza kutoa msaada, kwani katika matumizi ya zamani mzimu ni mahali pia, pango au mti ambapo watu hupeleka sadaka. Maana hiyo imefifia katika Kiswahili cha leo, na kufifia kwake kumewagharimu watu wa Mara. Kama pepo ni roho tu, mtu aweza kutambikia nyumbani kwake. Kama pepo ni mahali, basi kumzuia mtu asifike mahali hapo ni kumkata na nchi yake.

Ndivyo ilivyotokea. Waisenye hutaja Nyeberekera kuwa makazi yao makuu kabla ya maafa na kutawanyika kwa karne ya 19. Nyeberekera sasa ipo ndani ya mipaka ya Hifadhi. Mahali hapo hapatembelewi kwa matambiko bila ruhusa, na mtoto hawezi kuonyeshwa mawe ya meko ya babu zake wakati wa kuchunga, kwa maana hakuna kuchunga. Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya kumbukumbu za mandhari ya Serengeti, ameeleza jinsi wazee wanavyosimulia historia kwa kufuata njia na vilima: mtu hasemi kwanza mwaka, husema kwanza mahali. Simulizi la namna hiyo huhitaji miguu. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kuwasogeza wengi mbali na mahame yao. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa katika miaka ya 1990, yalibana zaidi upande wa magharibi. Si vibaya kukumbuka kuwa Ikorongo, kabla haijawa jina la pori la akiba, ilikuwa mahali katika masimulizi ya Wangoreme. Jumuiya ya hifadhi ya vijiji kadhaa vya Waikoma na Wanata imejiita Ikona, jina lililounganishwa kutokana na Ikoma na Nata. Neno hilo jipya ni la wenyeji wenyewe, nalo limefanya kwa silabi tatu kazi ambayo neno kabila lilikataa kuifanya.

Kuna upungufu mmoja katika madaftari ambao hauwezi kufichwa kwa heshima ya wazee. Karibu yote yaliandikwa na wanaume baada ya kuwahoji wanaume. Mwanamke akiulizwa habari za kale alielekea kumtaja mumewe au shemeji yake kuwa ndiye ajuaye, na mtafiti akaondoka. Kitabu cha Shetler cha mwaka 2019 kimelishughulikia jambo hili kwa kina. Wanawake wa Mara walihifadhi habari za mitandao: nani aliolewa wapi, nani alikimbilia kwa nani wakati wa njaa, ng'ombe wa mahari walivuka mto gani. Habari hizo hazikuitwa historia kwa kuwa hazikufuata mipaka ya kabila, na hazikufuata mipaka hiyo kwa sababu wanawake ndio waliokuwa wakiivuka. Kwa hiyo neno kabila liliamua pia nani aulizwe.

Jambo hili si la Mara peke yake. Huko Marekani, Carter G. Woodson alianzisha chama cha utafiti wa historia ya watu weusi mwaka 1915 na jarida lake mwaka 1916, akiwategemea walimu, makanisa na familia kwa kuwa nyaraka za serikali zilikuwa za wamiliki wa watumwa. Lakini Woodson na wasomaji wake walikuwa na lugha moja. Mtafiti wa Tarime ana mbili au tatu, na ugumu wake huanza katika tahajia.

Kikurya kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Kiikoma, Kinata na Kingoreme navyo vina irabu saba. Mwandishi aliyefundishwa herufi za Kiswahili alikuwa na e moja mahali ambapo sikio lake lilisikia mbili, na o moja vilevile. Urefu wa irabu aliuandika siku moja akausahau siku ya pili. Toni hakuiandika kamwe. Ndiyo sababu jina moja huonekana kama Isenye, Issenye na Ishenyi, na jingine kama Nata na Natta, na mtafiti wa maktabani hujikuta akihesabu vijiji viwili palipo na kimoja, au kimoja palipo na viwili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza lugha za jamii zitafitiwe na kuandikiwa kamusi. Kikurya kilipata kamusi iliyochapishwa mwaka 1996, kazi ya Muniko, Muita oMagige na Ruel. Wanaisimu na watafsiri wa Biblia walioko Musoma wameandaa tahajia za lugha kadhaa za mkoa huo. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulitoa Atlasi mwaka 2009, na humo lugha za Mara zimewekwa kila moja katika wilaya yake pamoja na idadi ya wasemaji.

Majina ya mahame hayamo katika Atlasi hiyo. Yamo katika madaftari, kwa irabu tano, na katika vinywa vya wazee wanaoyatamka kwa saba.